Maisha ya Jim Henson, Fundi wa Vikaragosi

Kila mtoto aliyekulia katika nchi hii ya mto Rufiji amepata kutengeneza mtoto wa bandia kwa gunzi la hindi, au kwa vipande vya nguo vilivyobaki kwa fundi cherehani, akamvika, akambeba, na kumsemea kwa sauti nyembamba. Mchezo huo tunauacha tunapoanza kukua, maana twaona haya kuonekana nao. Hapa tutasimulia habari za mtu mmoja ambaye hakuuacha. Aliushika tangu ujana wake mpaka siku za kufa kwake. Ukamlisha yeye na jamaa yake, ukawapa kazi watu wengi, na ukawasaidia watoto wa mataifa mengi kujua herufi na tarakimu. Jina lake lilikuwa Jim Henson.

Kwanza yafaa tueleze maana ya kikaragosi. Ni sanamu ya mtu, mnyama, au kiumbe kisichopatikana duniani, ambayo mchezaji huichezesha kwa mkono, kwa vijiti au kwa nyuzi, hata ikaonekana kana kwamba ina roho. Waturuki tangu zamani wana mchezo wa vivuli uitwao Karagöz, na neno letu limetokana na jina hilo. Wala kwetu Tanzania jambo hili si geni. Wasukuma, katika mashindano ya ngoma zao, wamezoea kutoa sanamu za kuchezesha ili kuwavuta watazamaji upande wao. Basi msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya ng'ambo peke yake.

Jim Henson alizaliwa tarehe 24 Septemba, 1936, katika mji wa Greenville, jimbo la Mississippi, nchi ya Marekani. Nchi ile huitwa Delta kama hii yetu, na watu wake wanajua taabu za mto. Mwaka 1927, miaka 9 kabla hajazaliwa, mto Mississippi ulivunja tuta lake ukaigharikisha Greenville na mashamba ya pamba yaliyouzunguka mji. Baba yake, Bwana Paul Henson, alikuwa mtaalamu wa mimea katika Idara ya Kilimo ya serikali. Mtoto alikulia katika mji mdogo wa jirani uitwao Leland, kando ya kijito, akicheza na vyura na kasa kama wachezavyo watoto wa mitoni mahali pote.

Aliyemfungua macho katika ufundi alikuwa bibi yake, mzaa mama. Bibi huyu alikuwa hodari wa kushona, kupamba nguo kwa sindano na kuchora picha. Alimtia moyo mjukuu wake kutumia mikono yake, wala hakumwambia kwamba sindano ni kazi ya wanawake. Mafunzo hayo ya nyumbani yalikuja kuzaa matunda makubwa.

Baadaye jamaa yote ilihamia jimbo la Maryland, karibu na mji mkuu wa Washington. Siku zile televisheni ilikuwa kitu kipya, na watu wachache tu walikuwa nayo. Jim aliwasihi wazazi wake mpaka wakainunua, naye akakaa mbele yake kwa mshangao. Hata mwaka 1954, alipokuwa akimaliza masomo ya sekondari, alisikia kwamba kituo kimoja cha televisheni kinatafuta vijana wanaojua kuchezesha vikaragosi. Yeye hakuwa fundi wa kazi ile. Alichotaka hasa ni kuingia katika televisheni, na mlango aliouona wazi ulikuwa huo. Akaazima vitabu katika maktaba, akajifunza, akatengeneza vikaragosi pamoja na rafiki yake, akapata kazi. Kipindi chao kilifungwa baada ya majuma machache, lakini mguu wake ulikuwa umekwisha ingia.

Aliingia Chuo Kikuu cha Maryland, na huko akachukua masomo ya maarifa ya nyumbani, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mafunzo ya ushonaji, nguo na vikaragosi. Wengi wa wanafunzi wa masomo yale walikuwa wasichana, lakini jambo hilo halikumzuia, akapata shahada yake mwaka 1960. Huko chuoni ndiko alikokutana na Jane Nebel, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa mshirika wake wa kazi, kisha mkewe mwaka 1959. Walizaa watoto watano.

Mwaka 1955, hali bado ni mwanafunzi, alipewa kipindi chake mwenyewe cha dakika tano tu, kilichoitwa Sam and Friends. Kwa ajili ya kipindi hicho alichukua koti kuukuu la mama yake, la rangi ya majani mabichi iliyofifia, akalikata na kulishona. Akachukua mpira mdogo wa tenisi ya mezani, akaupasua nusu kwa nusu, akafanya macho. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Kermit. Hapo mwanzo hakuwa chura hasa, bali kiumbe wa namna ya mjusi. Uchura wake ulikuja baadaye. Tazameni basi: kiumbe aliyejulikana duniani kote alitokana na koti lililokuwa karibu kutupwa.

Yafaa tueleze kwa nini vikaragosi vyake, alivyoviita Muppets, vilikuwa mbali na vya wengine. Zamani wachezaji walijificha nyuma ya jukwaa dogo mfano wa sanduku, nayo kamera ikalipiga picha jukwaa lile. Henson aliliondoa. Aliona kwamba kioo cha televisheni chenyewe ni jukwaa, na kwamba mchezaji akikaa chini ya upeo wa kamera haonekani. Chini pale aliweka televisheni ndogo, ili mchezaji mwenyewe aone kile wanachokiona watu nyumbani. Tena, badala ya vichwa vya mti vilivyo vigumu, alitumia sponji na vitambaa laini, hata mkono ulipokunjwa kidogo ndani, uso ulicheka, ulinuna au ulifikiri. Mikono ya sanamu iliendeshwa kwa waya nyembamba. Kwa kuwa wachezaji wengi hutia mkono wa kulia katika kichwa, vikaragosi vingi vya namna hii hufanya kazi kwa mkono wa kushoto!

Wafanyabiashara hawakukawia kuona faida ya mambo haya. Mwaka 1957 kampuni ya kahawa ya Wilkins ilimwomba atengeneze matangazo. Kila tangazo lilikuwa la sekunde 10, na hadithi yenyewe ilipewa sekunde 8 tu. Henson akabuni vikaragosi wawili: mmoja aipenda kahawa ile, mwenziwe aikataa. Huyu mkaidi kila mara hupatikana na msiba wa kuchekesha, mara apigwe mzinga, mara aangukiwe na kitu kizito. Watu walicheka, na kampuni nyingine za miji ya mbali zikataka matangazo kama yale. Alifanya zaidi ya 170 kwa kahawa ile peke yake. Jambo alilolijua ni kwamba mtu huchoka upesi kusifiwa bidhaa, lakini hachoki kuchekeshwa. Mbwa wake mashuhuri, Rowlf, naye alianza mwaka 1962 katika tangazo la chakula cha mbwa.

Walakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1958 aliona kuwa vikaragosi ni mchezo wa kitoto usiomfaa mtu mzima, akataka kuviacha awe mchoraji. Alimwachia Jane kazi, akasafiri mpaka Ulaya. Huko akakuta watu wazima wakienda kutazama vikaragosi kwa heshima, na mafundi waliojivunia kazi hiyo. Macho yake yakafumbuka. Alirudi kwao akiwa amekata shauri kwamba atafanya kazi ile ile aliyotaka kuitupa, lakini ataifanya vizuri kupita kiasi.

Mwaka 1969 ulianza mpango wa televisheni uitwao Sesame Street, ulioongozwa na Bibi Joan Ganz Cooney. Shabaha yake ilikuwa kuwaandaa watoto wadogo, hasa wa maskini, kwa ajili ya shule. Henson aliombwa asaidie. Alisita kwanza, maana aliogopa kuhesabiwa mtumbuizaji wa watoto tu, kisha akakubali. Vikaragosi wake wakafundisha herufi, hesabu na adabu ya kuishi na jirani. Mafanikio yalipokuwa makubwa, aliacha kufanya matangazo ya biashara, ingawa yalikuwa yamempa fedha nyingi.

Hata hivyo alitaka kuwafurahisha wazazi pamoja na watoto wao. Makampuni makubwa ya Marekani yalikataa kipindi chake kipya. Aliyekubali ni Bwana Lew Grade wa Uingereza, nacho kikatengenezwa Elstree, karibu na London, tangu 1976 mpaka 1981. Hicho ndicho The Muppet Show, chenye vipindi 120, kilichotazamwa katika nchi zaidi ya 100. Miongoni mwa wageni alikuwamo Harry Belafonte, yule aliyerekodi Malaika pamoja na Miriam Makeba. Kwa wimbo wake mmoja, mafundi walitengeneza vikaragosi kwa mfano wa vinyago vya Kiafrika.

Si kila alilolifanya lilifaulu. Filamu yake ya mwaka 1986, Labyrinth, aliyoifanyia kazi kubwa, haikurudisha gharama zake katika majumba ya sinema ya Marekani, naye akahuzunika mno. Watu waliipenda baadaye, yeye akiwa hayupo tena.

Mwezi wa Mei, 1990, alishikwa na ugonjwa ulioonekana kuwa mafua na maumivu ya koo. Alikuwa mtu mpole asiyependa kuwasumbua wengine, basi akaendelea na safari na shughuli zake. Alipofika hospitali mjini New York tarehe 15, vijidudu viitwavyo streptokoka vilikuwa vimekwisha enea mwilini. Akafa tarehe 16 Mei, mwenye umri wa miaka 53. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa matakwa yake, mazishini watu hawakuvaa nguo nyeusi. Kila mmoja alipewa kipepeo wa sponji juu ya kijiti, na kanisa zima likajaa vipepeo.

Kazi aliyoianza haikufa. Mwaka 2002 Sesame Street ya Afrika ya Kusini ilimtoa Kami, kikaragosi wa msichana mwenye virusi vya UKIMWI, ili watoto wasiwatenge wenzao. Tanzania nayo katika miaka ya 2000 ilipata kipindi chake cha Kiswahili, Kilimani Sesame, ambacho kilifundisha, pamoja na mengine, kujikinga na malaria. Sisi tunaolala chini ya chandarua katika bonde hili twaijua vema thamani ya somo hilo.

Wanafunzi wenzangu, tunasoma fizikia, hesabu na lugha, na ni vema. Lakini tusione haya kwa kazi za mikono tulizozirithi kwa mabibi zetu, wasukao ukindu na kushona vitambaa. Henson alijifunza sindano kwa bibi, akaitia akili ya chuo kikuu, wala hakuchagua somo kwa kuogopa kuchekwa. Wazazi nao, wakimkuta mtoto akimsemea mwanasesere wa gunzi, wasiwe wepesi wa kumkemea. Mwacheni amalize hadithi yake.