Du Bois, mwalimu aliyepita mlango kwa mlango

Vijana wetu wanapoingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, wengi hukutana na masomo mawili ambayo wazazi huyaogopa: sosiolojia, yaani elimu ya jamii, na saikolojia, elimu ya nafsi ya mtu. Je, hayataua imani yao? Kwa ajili ya swali hilo tumeona vema kusimulia maisha ya William Edward Burghardt Du Bois.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 huko Great Barrington, Marekani, miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa. Alisoma Fisk, kisha Harvard, ambako William James, aliyeanzisha somo la saikolojia katika chuo hicho, alikuwa mmoja wa walimu wake. Mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata udaktari wa Harvard.

Alianza kufundisha Wilberforce, chuo cha kanisa la Methodisti la watu weusi. Alipewa Kigiriki, Kilatini na lugha nyingine. Akaomba afundishe na sosiolojia; wakamkatalia. Huko huko aliitwa ghafla mkutanoni aongoze maombi, akakataa mbele ya wote, na ugomvi ukawa mkubwa. Sisi hatumsifu kwa hilo, lakini pia hatuoni kuwa ni sababu ya kulikataa somo lake.

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwita achunguze mtaa wa watu weusi mjini Philadelphia, ambao wengi waliwaona kuwa ndio ugonjwa wa mji. Yeye na mkewe Nina wakakaa humo humo mtaani. Akapita mlango kwa mlango, nyumba zipatazo 2,500, akiuliza juu ya kazi, mshahara, kodi ya nyumba, kusoma, kanisa. Kitabu chake cha 1899 kilionyesha kwamba umaskini na uhalifu vilikuwa na mizizi: utumwa wa jana, na kufungiwa kazi kwa leo.

Kuanzia 1897 alifundisha Atlanta. Wanafunzi wake hawakukariri tu. Walifungua vitabu vya sensa, wakachora majedwali kwa mkono, na kazi hiyo ikaonyeshwa Paris mwaka 1900. Mwaka 1903 walitoa uchunguzi juu ya kanisa la watu weusi: tabia ya wachungaji ikoje, shule ya Jumapili inasaidia nini, maskini wanahudumiwa? Maswali hayo yangewasumbua wazee wa kanisa wa mahali popote.

Lakini Aprili 1899, karibu na Atlanta, kundi la wazungu lilimwua kikatili mtu mweusi aitwaye Sam Hose. Du Bois alikuwa njiani kupeleka barua gazetini aliposikia kwamba mifupa ya vidole vya marehemu imewekwa dukani watu waitazame. Akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata mtoto wake wa kwanza akafa kwa dondakoo. Tangu hapo aliona kwamba kuhesabu peke yake hakutoshi watu wakiwa wanachinjwa, na mwaka 1910 aliacha darasa akaenda kupigania haki kwa kalamu.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 66, alirudi Atlanta kuongoza idara ya sosiolojia, akafundisha tena miaka kumi. Alifia Accra, Ghana, tarehe 27 Agosti 1963.