Luigi Broglio na Siri ya Mzunguko

Profesa Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice, nchini Italia. Alikuwa mhandisi na afisa wa jeshi la anga, na baadaye alimrithi Gaetano Arturo Crocco katika uongozi wa Shule ya Uhandisi wa Anga ya Chuo Kikuu cha Roma. Nchini Kenya, jina lake limefungamana na majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi.

Tarehe 15 Desemba 1964, kikosi cha Waitaliano chini ya Broglio kilirusha setilaiti ya San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani, kwa roketi aina ya Scout. Hata hivyo, shabaha yake ilikuwa ikweta. Ifahamike kwamba dunia hujizungusha kuelekea mashariki. Mtu aliyeketi Lafey, takriban digrii 3 kaskazini mwa ikweta, huchukuliwa nayo kwa kasi inayozidi kilomita 1,600 kwa saa bila kuhisi lolote. Ghuba ya Ungwana iko takriban digrii 3 kusini, na kasi yake ni iyo hiyo. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa imekwisha kukopeshwa mwendo huo na dunia yenyewe. Aidha, mbele yake ni bahari tupu. San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967.

Kazi iliyovuma zaidi ilifuata tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya kujitawala. Siku hiyo kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Meneja wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru.

Angani hakuna ardhi ya kukanyaga wala hewa ya kuegemea. Uhuru ilijizungusha mara moja tu kwa takriban dakika 12, na chombo kinachozunguka polepole hivyo huyumba upesi, mithili ya pia ya mtoto inayokaribia kuanguka. Kwa hiyo ndani yake mliwekwa gurudumu lililozunguka kwa kasi ili kuushika mwelekeo wake. Kanuni ya uhifadhi wa momenta haina upendeleo: gurudumu likipunguza mwendo, mwendo huo haupotei, bali huhamia kwenye mwili wa setilaiti. Ili kuurekebisha mzunguko wa chombo kizima, ilibidi kupata kitu cha nje cha kusukumana nacho. Koili za umeme zilifanya kazi hiyo kwa kutumia usumaku wa dunia.

Setilaiti hiyo ilikoma kufanya kazi mwaka 1973, ikiwa imewezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei. Urushaji kutoka Ungwana uliendelea hadi mwaka 1988. Broglio alifariki dunia mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, na kituo alichokianzisha sasa kinaitwa kwa jina lake.

Hadi leo wanafalaki huvitaja vyanzo vingi kwa alama ya 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Herufi hiyo moja ni ya Kiswahili, nayo ilipaa kutoka pwani ya Kenya.