Siti binti Saad, Sauti Iliyojua Kupimana na Zogo

Hivi karibuni nilialikwa harusini Mbaraki, si mbali na ule mnara mkongwe wa mawe ambao wenyeji wamezoea kuupelekea ubani na marashi. Malori ya bandarini yalikuwa yakinguruma, na watu wakiitana na kucheka. Kijana aliyekodiwa na mitambo yake alikuja na kidude cha ajabu. Kikisikia zogo limezidi hupandisha sauti ya vipaza chenyewe, na zogo likipungua huishusha, mtu asiguse kitu. Lakini kinasa sauti cha kidude hicho alikisimamisha mbele ya spika. Basi kidude kikausikia wimbo, kikaudhani ni zogo, kikapandisha. Wimbo ukavuma zaidi, kikapandisha tena, hata wazee wakaziba masikio na lisisikike neno. Kijana alipokuwa akihangaika na nyaya zake, mimi nilimkumbuka bibi mmoja aliyeifanya kazi ile kwa masikio yake mawili tu.

Bibi huyo ni marehemu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika zama za utumwa, na jina alilopewa kwanza ni Mtumwa. Wazee wake walikuwa mafukara, wakilima na kufinyanga vyungu. Skuli hakuiona. Skuli yake ilikuwa njia ya kutoka Fumba kwenda mjini, vyungu kichwani, akinadi kwa sauti ili watu wajue kuwa yuaja. Na mchuuzi wa vyungu hana budi kujifunza hesabu ya sauti. Kichochoroni penye kimya, akipiga kelele huwaudhi watu. Sokoni penye msukumano, akinong'ona hurudi na vyungu vyake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka huo huo, huko Ufaransa, daktari wa masikio aitwaye Étienne Lombard alitangaza jambo alilolichungua: mtu akisema ndani ya kelele huipandisha sauti yake bila ya kukusudia, na kelele zikikoma huishusha. Kidude cha Mbaraki kinamwiga binadamu katika tabia hiyo hiyo.

Taarabu ilikuwa imeingia Unguja katika utawala wa Sayyid Barghash, baina ya 1870 na 1888, ikitokea Misri. Ilikuwa ni starehe ya mabwana, ikiimbwa kwa Kiarabu. Ali Muhsin ndiye aliyemfunza Siti muziki, naye akaingia katika kundi la mafundi wanaume, akiwamo Subeti bin Ambar na Mbaruku, kipofu mpiga udi, mzaliwa wa Mombasa yetu. Siti aliwaimbia mabwana majumbani mwao, lakini pia aliwaimbia watu wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge, na akawaimbia kwa Kiswahili.

Hapo ndipo lilipomzukia zogo la namna nyingine, zogo la masimango. Walikuwapo waliomcheka kwa umasikini wa nguo alizokuja nazo mjini, na kwa sura yake. Hakushindana nao kwa makelele. Alijibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya uzuri wa sura, na wimbo huo ukaishi kuliko masimango. Tena aliyaimba mambo ambayo wengi waliyasema kwa kunong'ona. Wimbo wa Kijiti ulihusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake walioshuhudia ndio waliotiwa hatiani. Mahakama haikuwasikia wanyonge, lakini Siti alihakikisha mji umesikia.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakanaswa sauti katika sahani za santuri za kampuni ya HMV. Nyimbo za taarabu, ambazo ukumbini hurefuka kadiri watu watakavyo, zililazimika kukatwa ziingie katika upande mmoja wa sahani, kiasi cha dakika tatu. Gramafoni za siku zile hazikuwa na kitufe cha sauti. Aliyetaka sauti kubwa alitia sindano nene, aliyetaka ndogo alitia nyembamba, au alisokomeza kitambaa kooni mwa bomba. Hata hivyo sahani hizo zilienea pwani nzima, na sauti ya binti wa mfinyanzi ikaingia katika nyumba ambazo yeye mwenyewe asingalikaribishwa kuketi.

Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Marehemu Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nacho ni kitabu ambacho kila kijana wa pwani angefaa kukisoma. Baadaye jina lake lilipewa gazeti la wanahabari wanawake wa Tanzania, Sauti ya Siti.

Narudi Mbaraki. Kijana alikiondoa kinasa sauti mbele ya spika, akakipeleka pembeni kiwaelekee watu. Akasimamisha muziki, kidude kikasikiliza zogo lenyewe peke yake. Akakiwekea mpaka wa chini na mpaka wa juu, kisha akakipunguza pupa, kiwe kinapanda na kushuka polepole, kisishtuke kwa kila sahani inayoanguka jikoni. Baada ya hapo ukumbi ulituzana. Lori likapita, wimbo ukajiinua kidogo. Likatokomea, wimbo ukashuka, na bibi yake bibi harusi akaanza kuitikia maneno.

Nikajiambia moyoni kuwa siri ya Siti ni hiyo. Wengi hupandisha sauti kwa kujisikia wenyewe, na wakijisikia huzidi kupandisha. Yeye aliwasikiliza watu kwanza, ndipo akaimba.