Jay Cooke: Aliyewauzia wakulima hati fungani za Serikali, kisha akaangushwa na reli

WATU wengi wanaposikia habari za hati fungani za Serikali hudhani kuwa hayo ni mambo ya mabenki, mifuko ya pensheni na matajiri wa mjini. Dhana hiyo ni ya zamani. Huko Marekani mwaka 1861, Serikali ilipohitaji kukopa ilibisha hodi kwa wenye mabenki wa New York, Boston na Philadelphia. Hakuna aliyefikiri kwamba mkulima wa ng'ombe wachache au fundi viatu anaweza kuikopesha Serikali.

Aliyeibadili hali hiyo ni Jay Cooke. Alizichukua hati hizo akazipeleka vijijini, na wananchi wa kawaida wakazinunua kwa mamia ya mamilioni ya dola. Miaka michache baadaye, mtu huyo huyo aliwapelekea hati nyingine zenye riba ile ile. Safari hii, hata hivyo, aliyeahidi kulipa alikuwa kampuni ya reli. Wengi hawakuona tofauti, na wakaumia.

Karani wa duka

Cooke alizaliwa Agosti 10, 1821 katika mji mdogo wa Sandusky, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Baba yake, Eleutheros Cooke, alikuwa mwanasheria na aliwahi kuwa mbunge. Jay hakukaa sana shuleni. Alianza kuuza dukani akiwa kijana, na mwaka 1836 alikwenda St. Louis kufanya kazi ya ukarani wa duka. Mwaka uliofuata msukosuko mkubwa wa fedha uliikumba nchi, duka likafungwa, naye akarudi kwao mikono mitupu.

Mwaka 1839 aliajiriwa na nyumba ya kibenki ya E. W. Clark mjini Philadelphia. Wakati huo kila benki ilichapisha noti zake yenyewe, na za bandia zilikuwa nyingi. Karani huyo alijijengea sifa ya kuzitambua noti mbaya kwa kuzitazama tu. Mwaka 1842, akiwa na miaka 21, alifanywa mbia. Januari 1861 alifungua nyumba yake mwenyewe, Jay Cooke & Co.

Miezi mitatu baadaye, Aprili 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa.

Mkopo wa Pennsylvania

Jimbo la Pennsylvania lilihitaji dola milioni 3 kwa ajili ya ulinzi. Likatoa hati fungani za riba ya asilimia 6, na sheria ikakataza kuziuza chini ya thamani iliyoandikwa juu yake. Wenye mabenki walitikisa vichwa. Kwa maoni yao, wakati wa vita hakuna ambaye angetoa dola 100 kamili kwa karatasi ya dola 100.

Hapa inafaa kueleza hati fungani ni nini. Ni mkopo, na mnunuzi ndiye mkopeshaji. Anatoa fedha leo, na anayekopa anaahidi kumlipa riba iliyopangwa kila baada ya muda fulani, kisha kumrudishia fedha yake yote siku hati inapoiva. Mnunuzi hana hisa, hagawiwi faida, wala hapandishiwi malipo mambo yakiwa mazuri. Anachomiliki ni ahadi, na thamani yake inategemea uwezo na nia ya aliyeitoa.

Cooke alilifahamu hilo, na aliamini kuwa wananchi wakielezwa vizuri wangeiamini ahadi ya jimbo lao. Alitangaza katika magazeti, akawakumbusha watu wajibu wao kwa nchi na hapo hapo faida watakayopata. Mkopo wote ulinunuliwa kwa thamani kamili, na miongoni mwa wanunuzi walikuwemo watu wenye akiba ndogo.

Tano-ishirini

Habari hizo zilifika Washington. Waziri wa Fedha wa Rais Abraham Lincoln, Salmon P. Chase, alikuwa akimfahamu Henry Cooke, mdogo wake Jay, aliyekuwa mwandishi wa magazeti huko Ohio. Serikali ilikuwa na shida kubwa. Mwanzoni mwa 1862 ilianza kuchapisha noti ambazo hazikuweza kubadilishwa kwa dhahabu, na ikapata kibali cha Bunge kuuza hati fungani za dola milioni 500. Hati hizo ziliitwa tano-ishirini, kwa sababu Serikali ilikuwa na haki ya kuzilipa baada ya miaka mitano na ilikuwa lazima izilipe ifikapo mwaka wa ishirini. Riba ilikuwa asilimia 6 kwa mwaka, nayo ililipwa kwa dhahabu.

Zilidoda. Oktoba 1862, Chase alimteua Cooke kuwa wakala maalumu wa kuziuza.

Cooke alijenga mtandao wa mawakala wadogo wapatao 2,500. Wengi walikuwa wenye mabenki ya miji midogo, mawakala wa bima na watu walioheshimika katika maeneo yao. Alilipia matangazo katika magazeti ya mijini na ya vijijini, na akahakikisha hati ndogo kabisa ni ya dola 50. Mnunuzi alilipa kwa noti za karatasi, lakini riba aliipokea kwa dhahabu. Hilo halikuwa jambo dogo, kwani Julai 1864 dola ya karatasi ilishuka hadi ikawa na thamani ya chini ya senti 40 za dhahabu.

Kufikia Januari 1864 hati zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 500 zilikuwa zimeuzwa. Malipo ya Cooke yalikuwa senti 50 kwa kila dola 100 katika milioni 10 za kwanza, na senti 37 na nusu kwa kila dola 100 baada ya hapo. Humo humo alitakiwa alipe mawakala wake na gharama za matangazo. Baadhi ya wabunge walilalamika kuwa mtu mmoja amepewa biashara kubwa mno, lakini hapakuwa na mwingine aliyeuza kama yeye.

Senti mbili kwa siku

Mwanzoni mwa 1865 Serikali ilikwama tena. Askari walikuwa wanadai mishahara, na hati mpya za miaka mitatu hazikuwa zikiuzika vizuri kupitia mabenki. Cooke aliitwa kwa mara nyingine.

Hati hizo zilikuwa na riba ya asilimia 7.30, ndiyo maana ziliitwa saba-thelathini. Kiwango hicho kilikuwa na hesabu rahisi. Riba ya dola 7.30 kwa mwaka ukiigawanya kwa siku 365 inatoka senti 2 kamili. Kwa hiyo mwenye hati ya dola 50 alipata senti 1 kila siku, mwenye ya dola 100 senti 2, mwenye ya dola 500 senti 10, na mwenye ya dola 1,000 senti 20. Mkulima asiyejua hesabu za asilimia aliweza kujua papo hapo fedha yake inamzalishia nini, hata siku za mvua au za ugonjwa ambapo hakwenda shambani.

Cooke aliwatuma mawakala hadi vitongojini na kwenye kambi za wachimbaji madini, na ofisi nyingine zilifunguliwa usiku ili vibarua wanunue baada ya kazi. Kufikia Julai 1865 hati zote za dola milioni 830 zilikuwa zimekwisha. Vita vilikuwa vimemalizika miezi michache kabla, na utumwa ulipigwa marufuku kwa marekebisho ya Katiba mwaka huo huo.

Walionunua hawakutupwa. Mwaka 1869 Bunge lilipitisha sheria ya kuthibitisha kuwa madeni hayo yatalipwa kwa dhahabu, na ikawa hivyo. Si wote waliofurahi. Mkulima ambaye hakuwa na hati, mwenye deni na mazao yanayoshuka bei, aliona kodi yake inakwenda kumlipa dhahabu aliyenunua kwa karatasi. Kwa aliyekuwa na hati, hata hivyo, ahadi ilitimizwa.

Reli ya kwenda magharibi

Cooke alikuwa sasa mwenye benki mashuhuri kuliko wote Marekani. Alijenga jumba la fahari nje ya Philadelphia, akaliita Ogontz kwa jina la chifu mmoja wa wenyeji wa Marekani aliyekumbukwa Sandusky. Biashara ya hati za Serikali, hata hivyo, ilikuwa imepungua baada ya vita, na faida yake ilikuwa nyembamba.

Mwanzoni mwa 1870 aliingia mkataba na kampuni ya Northern Pacific, iliyotaka kujenga reli kutoka Ziwa Superior hadi Bahari ya Pasifiki. Kampuni ilikuwa imepewa na Bunge eneo kubwa mno la ardhi, lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikuwa na wakulima wa kusafirisha mazao wala abiria wa kukata tiketi. Cooke alikubali kuuza hati fungani za dola milioni 100, za miaka 30, kwa riba ya asilimia 7.3 iliyolipwa kwa dhahabu.

Msomaji akiangalia ataona kuwa riba ni ile ile ya saba-thelathini. Muuzaji alikuwa yule yule, na matangazo yakapita katika magazeti yale yale. Hata malisho na hali ya hewa ya huko kaskazini vilisifiwa mno, mpaka wapinzani wakafanya mzaha kwamba Cooke amegundua nchi ya kustawisha ndizi katikati ya theluji.

Yaliyobadilika ni mambo mawili. La kwanza ni mlipaji. Serikali ilikuwa na uwezo wa kutoza kodi nchi nzima, ilhali reli ilitegemea mapato ambayo hayakuwepo bado. La pili ni ujira wa muuzaji. Katika kila dola 100 alizotoa mnunuzi, kampuni ilihesabiwa dola 88 tu, na dola 12 zilibaki kwa Cooke na mawakala wake. Kwa Serikali hakuwahi kufikisha hata dola moja. Mnunuzi aliyeujua ujira huo angejiuliza kwa nini ahadi hii inahitaji kusukumwa kwa nguvu kiasi hicho.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia viliharibu matumaini ya kuuza hati hizo Ulaya. Nyumbani nako mauzo yalizorota, lakini ujenzi haukusimama. Cooke akaanza kuikopesha reli kutoka katika benki yake mwenyewe, yaani fedha za wateja walioweka amana na ambao wangeweza kuzidai siku yoyote. Akawa amefunga fedha za leo katika njia ya reli ambayo ingelipa baada ya miaka mingi, kama ingelipa. Kila mwezi deni likakua, na wabia wake wakamwonya.

Alhamisi ya Septemba 18

Usiku wa Septemba 17, 1873 Rais Ulysses Grant alilala Ogontz akiwa mgeni wa Cooke. Kesho yake, Alhamisi, mbia wa Cooke wa New York aliona haiwezekani tena kuwalipa wateja waliokuja kuchukua fedha zao, akafunga milango. Ofisi za Philadelphia na Washington zikafuata siku hiyo hiyo.

Hofu ilienea nchi nzima. Jumamosi Septemba 20 Soko la Hisa la New York lilifungwa, na lilikaa siku kumi bila kufunguliwa. Mabenki na kampuni za reli zilianguka moja baada ya nyingine, ajira zikapotea, na hali ngumu ikadumu miaka kadhaa.

Northern Pacific ilifilisika mwaka 1875. Waliokuwa na hati fungani zake hawakulipwa dhahabu waliyoahidiwa. Walipewa hisa za upendeleo za kampuni iliyoundwa upya, ambazo waliruhusiwa kuzitumia kununua ardhi ya kampuni. Mwenye uwezo wa kusubiri aliambulia kitu. Mjane au mkulima aliyehitaji fedha mapema aliuza kwa hasara. Wakati huo huo, jirani yake aliyebaki na hati za Serikali aliendelea kukata kuponi zake na kulipwa riba.

Kuinuka tena

Cooke alinyang'anywa Ogontz na kila alichokuwa nacho ili wadai walipwe. Aliondoka na umri wa miaka 52, bila nyumba. Hakukimbia wadai wake. Kufikia 1880 alikuwa amemaliza kutimiza wajibu wake kwao, na uwekezaji katika mgodi wa fedha huko Utah ulimrudishia utajiri. Aliinunua tena Ogontz, ikageuzwa kuwa shule ya wasichana. Reli yenyewe ilikamilika mwaka 1883 chini ya watu wengine. Cooke alifariki dunia Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 83.

Mambo mawili aliyoyafanya yote yalikuwa ya kweli. Alithibitisha kuwa akiba ya senti moja kwa siku, ikikusanywa kwa watu wengi, inaweza kuibeba Serikali katika saa ya shida na kumnufaisha mwenyewe. Akathibitisha pia kuwa sifa ya muuzaji haihamii kwenye karatasi anayouza. Mwenye akiba anayeletewa hati, hata na mtu anayemwamini, anapaswa kuuliza mambo matatu kabla ya kutazama riba: nani atakayelipa, atalipa kutokana na mapato gani, na aliyeileta analipwa kiasi gani kwa kuiuza. Wanunuzi wa saba-thelathini wangeyajibu maswali hayo bila shida. Wanunuzi wa hati za reli hawakuyauliza.