George Sand na Lugha ya Kijiji

Mwalimu apelekwaye kufundisha kijijini hukabiliwa na swali ambalo hakuna kitabu cha mbinu kiwezacho kumjibia: watoto walioketi mbele yake wamekuja na nini kutoka makwao? Akidhani kwamba wamekuja mikono mitupu, atawafundisha kwa namna moja. Akitambua kwamba wamekuja na lugha, hadithi na maarifa, atawafundisha kwa namna nyingine. Ili kulitafakari swali hili, tumeona yafaa tuyaeleze maisha ya George Sand, mwandishi wa Kifaransa wa karne ya 19, ambaye katika jambo hili alikosea kwanza, kisha akajirekebisha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Aurore Dupin, naye alizaliwa Paris tarehe 1 Julai, 1804. Baba yake, afisa wa jeshi, alitoka katika ukoo wa mabwana. Mama yake alikuwa binti wa mwuza ndege. Mwaka 1808 baba alianguka kutoka juu ya farasi akafa, na mtoto akabaki kati ya mama na bibi wasiopatana. Bibi ndiye aliyemlea, katika nyumba yake ya Nohant, kwenye jimbo la zamani la Berry, katikati ya Ufaransa.

Huko Nohant mtoto huyu alipata shule mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba, ambamo mwalimu wa familia, Deschartres, alimfundisha Kilatini na elimu ya viumbe. Ya pili ilikuwa nje, mashambani, alikocheza na watoto wa wakulima. Wakati wa majira ya kupukutika majani, walikuja mafundi waliozunguka vijijini kuponda mabua ya mimea ya nyuzi, na usiku mafundi hao walisimulia hadithi za kutisha na kustaajabisha. Shule hii ya pili haikuwa na mtihani, lakini ndiyo iliyokuja kumpa kazi zake zinazopendwa kuliko nyingine.

Mwaka 1818 alipelekwa katika shule ya watawa jijini Paris, akarudi Nohant mwaka 1820. Bibi yake alifariki mwaka 1821, na mwaka uliofuata Aurore akaolewa na Casimir Dudevant. Walipata watoto wawili, Maurice na Solange, lakini ndoa haikuwa na heri. Mwaka 1831 alikwenda Paris kutafuta riziki kwa kalamu, na mwaka 1832 akatoa riwaya ya *Indiana* kwa jina la kiume la George Sand. Kwa kuwa sheria ya wakati ule ilimpa mume mamlaka juu ya mali ya mkewe, ilimpasa kwenda mahakamani. Mwaka 1836 waliamuliwa watengane, na Nohant ikarudi mikononi mwake.

Sasa tuje kwenye kosa lake. Mwaka 1844 alitoa *Jeanne*, riwaya ya msichana wa mashambani. Msichana alisema kwa namna ya kijijini, naye mwandishi akasimulia kwa Kifaransa cha wasomi. Sauti hizo mbili zikapingana. George Sand hakuwalaumu wakulima kwa kutojua kusema. Aliichunguza lugha yake mwenyewe. Katika dibaji ya *François le Champi*, riwaya iliyoanza kutoka gazetini mwishoni mwa mwaka 1847, anaeleza jinsi rafiki yake alivyomshauri: asimulie kana kwamba kuliani mwake ameketi mtu wa Paris na kushotoni mkulima, wala asitamke neno ambalo mkulima huyo hawezi kulipenya. Hata neno *champi* ni la kijijini. Maana yake ni mtoto aliyetupwa kondeni.

Kwa njia hiyo alizitunza mila za Berry. Mwishoni mwa *La Mare au diable*, ya mwaka 1846, alizieleza desturi za arusi za wakulima hatua kwa hatua. *La Petite Fadette*, aliyoiandika baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 kumvunja moyo, ni habari ya msichana aliyedharauliwa na kijiji kizima, ambaye kumbe alijua dawa za mitishamba alizorithi kwa bibi yake. Mwaka 1858 alitoa mkusanyiko wa simulizi za mashambani, nao ulipambwa kwa picha za mwanawe Maurice.

Hatusemi kwamba hakuwa na upungufu. Wakulima wengi aliowaandika hawakujua kusoma, hivyo vitabu vyake vilisomwa zaidi mijini. Wahakiki wengine pia wamemlaumu kwa kuwapamba wanakijiji kuliko walivyokuwa. Aliendelea kuandika mpaka uzeeni, akamfundisha mjukuu wake Aurore kusoma, na alifariki Nohant tarehe 8 Juni, 1876. Miaka michache baadaye, sheria za mwaka 1881 na 1882 ziliifanya elimu ya msingi nchini Ufaransa kuwa ya bure na ya lazima. Katika baadhi ya majimbo, mtoto aliyesema lugha ya nyumbani shuleni aliadhibiwa.

Ndugu mwanachuo, adhabu ya namna hiyo si ngeni katika shule za Afrika. Nawe huenda ukapangiwa mahali ambapo watoto wa darasa la kwanza hawajaizoea lugha ya somo. Siku somo lako litakaposhindikana, usiharakishe kuandika kwamba watoto ni wazito. Jiulize kwanza kama uliwaweka watu wawili mbele yako, yule anayeyajua maneno ya kitabu na yule anayeyajua ya nyumbani, au ulisema na mmoja tu. Kisha ulirudie somo hilo.