Laiboni Olonana: Njaa Ilipotangulia, Mkataba Ukafuata

Sisi watu wa Pwani tukizungumza habari ya ardhi huwa tunadhani dhuluma ilianzia kwetu na kuishia kwetu. Leo nataka tutoke kidogo Mombasa, tupande bara hadi Kajiado, tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake kila mwanafunzi wa Kenya amelisikia: Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana. Kilele cha tatu cha Mlima Kenya kina jina lake, na ile shule ya Duke of York ya Nairobi ikabandikwa jina hilo baada ya uhuru. Lakini waulize vijana alifanya nini, wengi watanyamaza.

Olonana alikuwa mtoto wa Mbatian, laiboni mkubwa wa Wamasai. Laiboni si sultani wala liwali. Kazi yake ilikuwa kuombea, kutabiri, kutibu na kubariki morani kabla ya vita. Hakuwa na mamlaka ya kugawa ardhi ya watu. Naomba tulishike jambo hilo, kwa sababu huko mbele ndilo litakaloamua kila kitu.

Mbatian alifariki karibu na mwaka 1890, na hakuna wakati mbaya zaidi wa kurithi ambao ningeweza kuufikiria. Ng'ombe walikuwa wameshapigwa na homa ya mapafu, kisha ikaja sotoka. Maradhi haya yaliingia Afrika kupitia Massawa mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa jeshi la Italia, yakashuka hadi nchi ya Wamasai na kuua sehemu kubwa mno ya mifugo. Mfugaji bila ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana heshima. Baada ya njaa ikaja ndui, ikamaliza watu. Wamasai wenyewe wanauita wakati huo Emutai, yaani maangamizi.

Juu ya hayo, ndugu wawili wakagombania urithi. Masimulizi mengi yanasema Mbatian alikusudia kumpa uganga mwanawe Senteu, lakini Olonana akamtangulia kwa hila na kuchukua baraka. Wengine wanakataa. Lililo wazi ni kwamba Wamasai waligawanyika. Senteu akaenda upande wa Loita na nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, Olonana akabaki upande wa Ngong, na wakapigana mpaka Senteu aliposalimu amri mwaka 1902.

Mtu mwenye njaa nyuma yake na ndugu mwenye mkuki mbele yake hutafuta rafiki. Olonana aliwapata Waingereza, ambao nao walikuwa dhaifu. Walitaka kupitisha reli kutoka Mombasa, na askari wao walikuwa wachache. Wakapeana. Olonana akapata hifadhi kwa watu wake wenye njaa, na morani wakaenda pamoja na misafara ya kijeshi ya Waingereza, wakarudi na ng'ombe. Waingereza wakapata amani njiani.

Urafiki huo ulijaribiwa Novemba 1895 katika bonde la Kedong. Wamasai waliua mamia ya wapagazi wa msafara mmoja, wengi wao Wakikuyu, lakini wamo na Waswahili wa kwetu waliotoka nyumbani kutafuta riziki. Mfanyabiashara mmoja wa Kizungu, Andrew Dick, akaenda kulipiza kisasi, naye akauawa. Serikali ilipochunguza iliona watu wa msafara ndio walioanza uchokozi, na Wamasai hawakupelekewa vita. Mwaka huohuo hapa Pwani, Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipoinuka, alipigwa vita mpaka akakimbilia kwa Wajerumani mwaka 1896. Tofauti haikuwa haki. Wamasai walikuwa bado wanahitajika.

Reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Hapo haja ikaisha. Walowezi walitaka Bonde la Ufa, karibu na reli. Serikali, iliyokuwa imeshamtambua Olonana kuwa mkuu wa Wamasai wote, cheo ambacho mila yao haikukijua, ikamletea karatasi. Agosti 1904 yeye na wenziwe wakaweka alama zao mbele ya Kamishna Donald Stewart. Wamasai wakatoka bondeni, wakagawanywa: wengine Laikipia kaskazini, wengine kusini, ambako leo ni Kajiado. Waliahidiwa kuwa mpango huo utadumu maadamu Wamasai wapo duniani.

Ulidumu miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na ikatangazwa kuwa wasia wake ulikuwa watu wa Laikipia wahamie kusini. Wengi wamelitilia shaka jambo hilo, na mimi pia. Wasia gani unaofanana hivyo na matakwa ya serikali? Mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa alama, na maelfu ya watu na mifugo yao wakaswagwa kuelekea kusini. Baridi na mvua ya Mau iliua wengi.

Wamasai wakaja kudai haki katika Mahakama Kuu, hapahapa Mombasa. Mwaka 1913 kesi ikatupwa. Mahakama ilisema mikataba ile ilikuwa kati ya dola mbili, kwa hiyo si kazi yake. Yaani Wamasai walikuwa dola siku ya kunyang'anywa tu.

Nimepata kukaa siku chache Entarara, Kajiado, kwa mwenyeji wangu wa biashara. Wazee niliozungumza nao hawamtukani Olonana, wala hawamsifu. Wanachohofia ni leo. Ranchi za jamii zimegawanywa, Kitengela imekuwa ploti na kuta za mawe, na ukame ukija mtu huuza eka ili anunue chakula. Karatasi inakuja tena wakati wa njaa.

Mimi simwiti Olonana msaliti. Aliwavusha watu wake katika maangamizi. Kosa ni kuachiwa mtu mmoja atie alama kwa niaba ya wote, kwa cheo alichopewa na mnunuzi. Nasi Pwani tunaijua hadithi hii. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mtu athibitishe kwa karatasi ardhi aliyoirithi kwa babu, na aliyeshindwa, ardhi yake ikawa ya Serikali. Wajukuu wake mpaka leo wanaitwa maskwota.

Basi akija mtu wakati wa dhiki, ameshika msaada mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, tuupokee msaada, na karatasi tuipeleke barazani isomwe mbele ya wote, wanawake na vijana wakiwemo, kabla mkubwa yeyote hajashika kalamu.