Rod Serling: Mtungaji Aliyesema Kweli kwa Mafumbo

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii twaisikia mabarazani, na washairi wetu tangu zamani wameitumia kuwaambia wakubwa yale yasiyoambilika waziwazi. Basi leo, msomaji, nataka nikusimulie habari za mtu wa mbali, Mmarekani, ambaye sanaa yake yote aliijenga juu ya maana hiyo hiyo. Naye ni marehemu Rod Serling, aliyeanzisha mfululizo wa michezo ya televisheni ulioitwa The Twilight Zone, yaani mahali pa utusitusi, baina ya nuru na giza.

Serling alizaliwa tarehe 25 Desemba 1924 mjini Syracuse, jimbo la New York, katika jamaa ya Kiyahudi, akalelewa katika mji wa Binghamton. Alipomaliza skuli mwaka 1943 alijiunga na askari wa miavuli, akapelekwa Ufilipino kupigana na Wajapani. Huko alijeruhiwa, na wenzake wakafa mbele ya macho yake. Mwaka 1945, angali jeshini, babake akafariki kwa maradhi ya moyo. Alirudi kwao akiwa na mzigo kifuani, na dawa aliyoipata ni kalamu.

Alisoma katika chuo cha Antioch, Ohio, akaandikia redio, kisha televisheni. Mnamo Januari 1955 mchezo wake Patterns, uliofichua ukatili wa wakubwa wa kampuni, ulimpa jina kwa usiku mmoja.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, likatokea jambo lililomtia uchungu. Kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, alikwenda Mississippi kutoka Chicago kuwazuru jamaa zake. Alisingiziwa kumkosea adabu mwanamke wa Kizungu dukani, akachukuliwa usiku, akateswa na kuuawa. Wazungu wawili walishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likawaachilia huru.

Serling akataka kulitungia mchezo. Lakini televisheni ya siku zile ililishwa na wafanyabiashara, waliogharimia michezo ili watangaze bidhaa zao, nao waliogopa kuwaudhi wanunuzi wa Kusini. Mchezo ulipoonyeshwa mwaka 1956, marehemu alikwisha kugeuzwa mgeni asiyetajwa kabila, na mji ukahamishwa kaskazini. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa, kwa kuwa kinywaji hicho kilinasibishwa na Kusini. Mwaka 1958 akajaribu tena. Mara hii kisa kilirudishwa nyuma karne ya kumi na tisa, na aliyeuawa akawa Mmeksiko. Kweli ikachujwa mpaka ikawa maji matupu.

Mtu mwingine angevunja kalamu. Serling alibadili njia. Alitambua kwamba neno linalokatazwa kinywani mwa mwanasiasa, likisemwa na kiumbe wa Mirihi hakuna anayelishtaki. Tarehe 2 Oktoba 1959 The Twilight Zone ikaanza. Mpaka ilipokoma mwaka 1964 ilikuwa na visa 156, na 92 kati ya hivyo aliviandika mwenyewe.

Tazama alivyofumba. Katika kisa kimoja cha 1960, taa zazimika katika mtaa mtulivu, na majirani waanza kushukiana kwamba mmoja wao ni adui aliyetoka sayari nyingine. Mwisho wauana wenyewe kwa wenyewe, na wageni wa kweli wako kilimani, wakitazama. Asiyeelewa aliona hadithi ya nyota. Aliyeelewa aliona chuki iliyomwua Emmett Till.

Vitabu navyo havikumtoka akilini. Mwaka 1959 alitunga mchezo kutokana na hadithi fupi ya Lynn Venable, juu ya karani wa benki apendaye kusoma lakini hapewi nafasi. Bomu laangamiza watu wote, naye abaki peke yake na maktaba nzima. Apanga vitabu vya miaka mingi, kisha miwani yake yaanguka na kuvunjika. Mwaka 1961 akaandika kisa cha mtunza maktaba aliyehukumiwa kufa na dola iliyopiga marufuku vitabu na kumkana Mungu. Mzee yule akabaki na utulivu wake na Biblia yake, na hakimu ndiye aliyetetemeka.

Kwa hiyo anayetaka kumjua Serling si lazima akae mbele ya televisheni. Mwaka 1960 alitoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi alizozifanya kutokana na michezo ile, na wenziwe, kama Richard Matheson na Charles Beaumont, wameacha vitabu vyao pia. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika chuo cha Ithaca, alikofundisha vijana kuandika.

Alikuwa mvutaji sigara mkubwa, na watazamaji walizoea kumwona nayo mkononi. Alifariki tarehe 28 Juni 1975 mjini Rochester, baada ya kupasuliwa moyo, akiwa na miaka 50 tu.

Waliomchuja walidhani wameinyamazisha kweli. Michezo waliyoichuja wachache waikumbuka, lakini mafumbo yake yangali yakitazamwa na kusomwa, na kila kizazi chayafumbua upya.